Mashauri ya Nyumbani: Mbegu Isiyo na Shamba

Mwezi huu tumekusudia kusema juu ya jambo ambalo tungependa kulinyamazia, kwa sababu ndani yake imo aibu yetu wenyewe. Lakini mwalimu akificha kosa lake, wengine watajikwaa pale pale alipojikwaa yeye. Basi na tuliseme.

Miaka michache iliyopita alifika mtaani kwetu, huku chini ya mlima Meru, kijana mmoja mwenye mavazi safi na maneno ya upole. Alijua kuomba, alijua nyimbo zetu, tena aliwaamkia wazee kwa adabu. Akatuambia ya kuwa yeye na wenzake wana chama cha kuwasaidia wakristo maskini: mtu akitoa shilingi 100,000, baada ya siku 60 atapewa 200,000, mradi awaalike na wengine. Hakusema "kuweka fedha" wala "kukopesha fedha". Alisema "kupanda" na "kuvuna", na maneno hayo yalitupendeza, maana sisi tu watu wa jembe, na mfano wa mpanzi tumeusikia tangu utoto.

Tena, kabla hajaomba kitu, alitoa. Aliwaletea watoto wa shule ya Jumapili mabati 20 ya kuezekea darasa lao, lililokuwa likivuja miaka mingi. Tukafurahi mno, na furaha ile ikatuziba kinywa, tusimwulize neno. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tukasimama naye mbele ya watu tukasema, "Huyu ni ndugu yetu, msikilizeni." Ni maneno matano tu, lakini yametugharimu kuliko maneno yote tuliyopata kuyasema mahali pale.

Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Fundi wetu wa cherehani alipanda, akavuna maradufu, akanunua cherehani ya pili. Habari zikaenea hata sokoni Tengeru. Ndipo bibi mmoja mjane, mwenye wajukuu watatu wa kuwalea, akauza ng'ombe wake wa maziwa, aliyekuwa mmoja tu, akapanda fedha yote. Mwezi wa nne simu ya kijana haikupokewa tena. Tukashuka mjini Arusha kuitafuta afisi yao. Mlango tukaukuta umefungwa, na kibao cha jina kimekwisha kung'olewa.

Tukaenda nyumbani kwa bibi yule.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae."

Tukakaa. Mbele yetu palikuwa na banda la ng'ombe, tupu, na majani ya migomba yamekauka mlangoni pake. Tukasema, "Bibi, yule kijana ametudanganya sote."

Bibi akanyamaza kitambo, kisha akajibu kwa sauti ya taratibu, "Mwalimu, mimi yule kijana sikumjua. Ningewezaje kumwamini? Nilikuamini wewe."

Hatukuwa na la kumjibu, wala hata leo hatunalo. Ila tangu siku ile tumelitafakari neno lake, na twaona ya kuwa limeeleza shauri zima la wadanganyifu wa fedha. Mtu wa namna hii hana bidhaa yo yote. Kitu anachokiuza ni uaminifu wa mtu mwingine: wa mchungaji, wa mwalimu, wa shemeji, wa jirani. Auazima bure, autumia, kisha aenda zake, na deni labaki kwa yule aliyemwazima.

Wala jambo hili si geni katika nchi yetu. Wengi wenu mtaikumbuka DECI, iliyoanza kazi yake mwaka 2007. Baadhi ya viongozi wake walikuwa wachungaji, na lugha yake ilikuwa ile ile: watu "walipanda mbegu", wakangoja "mavuno". Watu wengi wakaingia, maana waliowaita walikuwa ndugu zao katika imani. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na viongozi wakapelekwa mbele ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, kwa mashtaka ya kuendesha upatu na kupokea amana za watu pasipo leseni. Kesi ile ilikwisha mwaka 2013, na baadhi yao wakatiwa hatiani. Tena liangalieni jambo moja la kuhuzunisha: DECI iliposimamishwa, wengi wa waliopanda hawakuwakasirikia waliowaita, bali waliikasirikia serikali, wakisema imewazuilia mavuno yao. Hivyo ndivyo uaminifu ulioazimwa unavyowafumba watu macho, hata wasimtambue aliyewaibia.

Kwa jirani zetu wa Kenya vyama vingi vya namna hii vilianguka katika miaka ya 2006 na 2007. Na huko Marekani, katika mji wa Boston, mwaka 1920, mtu aitwaye Charles Ponzi aliahidi faida ya nusu ya fedha kwa siku 45. Kwa kweli alikuwa akiwalipa watu wa kwanza kwa fedha za watu wa nyuma, mpaka alipokamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Basi hila hii ina zaidi ya miaka mia moja. Vinavyobadilika ni jina lake na vazi lake tu.

Sasa na tueleze jinsi inavyofanya kazi, ili mtoto wa shule aweze kumwonya babu yake.

Mkulima apandaye mahindi ajua ongezeko latoka wapi. Latoka katika udongo, na mvua, na samadi, na jasho la palizi. Mwenye kahawa ajua ya kuwa mche hungojewa miaka kama mitatu au minne kabla haujampa mavuno ya haki. Mwenye ng'ombe ajua kwamba asipokata majani, hakuna maziwa. Lakini mbegu ya yule kijana haikuwa na shamba. Haikununua ndama, haikujenga duka, haikusafirisha hata gunia moja la viazi. Shilingi 100,000 za mtu wa kwanza zilikaa mfukoni. Akaja wa pili na wa tatu, wakatoa zao. Ndipo wa kwanza akapewa 200,000. Hiyo si faida. Ni fedha za majirani zake wawili, naye azipokea akishukuru.

Na hesabu yake haiwezi kudumu. Haya, walimu, iandikeni ubaoni. Tuseme kila mtu atakiwa kuwaleta watu 6. Mmoja awaleta 6, hao wawaleta 36, hao 216, hao 1,296, hao 7,776, hao 46,656, hao 279,936, na katika hatua ya nane wahitajiwa watu wapya 1,679,616. Ukiwajumlisha wote wa hatua hizo nane wapata watu 2,015,538. Basi hesabu ya watu ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wote wa Arusha, pamoja na wachanga mgongoni na vikongwe kitandani, una watu 2,356,255. Hatua ya tisa yataka watu wapya zaidi ya milioni 10, na hatua ya kumi zaidi ya milioni 60, nayo Tanzania nzima ilikuwa na watu 61,741,120 mwaka ule. Mtawatoa wapi? Hapana budi chama kianguke, na kikianguka, walio wengi ni wale wa hatua ya mwisho, ambao hawajapata kitu. Kwa hiyo msiseme, "Chama kile kilikuwa kizuri, ila kiliharibiwa na watu wabaya." Kiliharibika siku kilipoanzishwa.

Mwingine atauliza, "Je, na upatu wa akina mama zetu, nao ni haramu?" La, hasha. Jina ni moja, lakini mambo ni mawili. Akina mama 10 wajuanao kwa nyuso hutoa shilingi 10,000 kila mmoja kila juma, na kila juma mmoja wao huchukua 100,000. Baada ya majuma 10 kila mmoja ametoa 100,000 na kupokea 100,000. Hakuna aliyeahidiwa kupata zaidi ya alichotoa. Faida yake ni kupata fedha nyingi pamoja kwa siku moja, anunue godoro au alipe karo. Upatu huo waweza kuisha leo bila ya mtu kudhulumiwa, maadam zamu zimetimia.

Hali kadhalika na VICOBA. Huko kuna sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata sanduku lisiweze kufunguliwa gizani na mmoja. Ongezeko lake latoka kwa wanachama wenyewe wanaokopa na kurudisha kwa riba kidogo, na daftari husomwa mbele ya wote. Tena tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya namna hii vyatakiwa kuandikishwa. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na babu zetu hapa Meru walijua kuchanga. Watu wa Ngare Nanyuki walipoondolewa katika mashamba yao mwaka 1951, Wameru walitoa fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapelekwa hata New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, akanena mbele ya Umoja wa Mataifa. Safari ile haikuwarudishia mashamba yao mara moja. Lakini angalieni tofauti yake na mambo ya leo: mtoaji alimjua anayetumwa, alijua anakokwenda na neno alilotumwa kulisema, wala hakuahidiwa kurudishiwa hata senti moja na nyongeza. Alitoa kwa ajili ya watu wake, macho yake yakiwa wazi. Anayeahidiwa maradufu hutoa macho yake yakiwa yamefumbwa na tamaa, na sisi hatujitengi naye, maana nasi tuliyapenda mabati.

Hila hii yaja kwa njia ya simu pia. Mzazi aliye shambani apigiwa simu, mtu asema, "Mimi ni mwalimu wa mtoto wako, ameanguka shuleni, tumempeleka hospitali, tuma fedha upesi." Au apata ujumbe, "Ile fedha itume kwa namba hii." Huyo naye hana kitu cha kuuza, ameazima jina la mwalimu, au ameazima deni lako kwa mtu mwingine. Mzazi asitume. Akate simu, kisha yeye mwenyewe aipige namba ya shule anayoijua. Na namba ya mdanganyifu aipeleke kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo imewekwa kwa kazi hiyo, ili ifungwe.

Basi haya ndiyo mashauri yetu kwa kila nyumba.

Kwanza, ulizeni: ongezeko latoka wapi? Mtu wa haki atawaonyesha shamba, au ng'ombe, au duka, au daftari la mikopo. Akijibu kwa maneno ya baraka tu, asipoonyesha kitu cha kushikika, mwacheni aende na baraka zake.

Pili, ulizeni: ni nani aliyekupa ruhusa ya kupokea fedha za watu? Anayepokea amana za watu wote apaswa kuwa na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania ina tawi hapa hapa Arusha. Nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe. Karatasi ya kuandikisha jina la biashara si leseni ya kupokea amana, ijapokuwa ina mhuri mzuri.

Tatu, asiyekupa muda wa kufikiri ana sababu. Wakisema, "Nafasi zaisha leo," waambieni, "Basi zimetupita." Shauri jema halioti mbawa kwa siku moja. Mume asitoe fedha ya nyumba pasipo kusema na mkewe, wala mke pasipo kusema na mumewe. Na mjane asiye na wa kusema naye na awaite wazee wawili wamsikilize.

Nne, anayelipwa kwa kuwaleta watu, wala si kwa kazi wala kwa bidhaa, mjue ya kuwa bidhaa ni wale watu.

Tano, ukidanganywa, sema. Aibu ndiyo ngome ya mwongo. Mtu mmoja akinyamaza, kijana yule huhamia mtaa wa pili akiwa na sifa njema. Enendeni kituo cha polisi mkiwa wengi pamoja, mkachukue risiti na ujumbe wa simu mlizotunza, mkaandikishe habari zenu.

Na kwenu ninyi walimu wenzetu, na wainjilisti, na wazee wa kanisa, twawaomba neno moja kwa unyenyekevu. Msitangaze katika nyumba ya ibada shughuli ya fedha ambayo hamkuichunguza kwa macho yenu. Watu hawasikii tangazo, wamsikia anayetangaza. Sauti iliyowasomea Maandiko asubuhi ndiyo wanayoisikia ikiwatajia yule mgeni, nao hawawezi kuzitenga. Na mgeni akija na zawadi kwa kanisa kabla ya kuomba nafasi ya kunena na watu, ipokeeni zawadi siku nyingine, atakapokuwa hana haja ya nafasi. Mkiona hatarudi, mmekwisha kumjua.

Labda mwataka kujua mambo yetu yaliishaje. Wazee wetu wa kanisa walikaa, wakatuita, wakatusikiliza. Hawakututukana, lakini waliamua mabati yale 20 yashushwe, yauzwe, na fedha yake wagawiwe waliopotelewa, kwa kuwa bila shaka yalinunuliwa kwa fedha za wajane wa mahali pengine. Watoto wa shule ya Jumapili wakakaa chini ya mti msimu mzima wa masika, na mvua ilipowanyeshea tulikuwa hatuna uso wa kuwatazama. Fundi wetu wa cherehani, alipofahamu ya kuwa faida yake ilikuwa fedha ya majirani, akaiuza ile cherehani ya pili, akaileta fedha kwa wazee, wala hakuna aliyemlazimisha. Kijana hajaonekana hata leo.

Na sisi tulimwahidi bibi yule ng'ombe. Tulimlipa kidogo kidogo, kwa muda wa miaka miwili, kutoka katika mshahara wetu na kahawa yetu kidogo. Sasa yupo mtamba mmoja katika banda lake, na mwezi uliopita, tulipopita njiani, alituita tuje tumwone, maana ana mimba.

"Mwalimu," akasema, "huyu akizaa, maziwa ya kwanza utakunywa wewe."

Tukashukuru. Kisha akaongeza, akitutazama vizuri, "Lakini ukiniletea mgeni mwingine, kwanza nitamwuliza shamba lake liko wapi."

Na ninyi, wasomaji wetu, mwulizeni hivyo hivyo, hata kama aliyemleta ni sisi.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena juu ya mizani na debe la sokoni. Kaeni salama.